Mtoto asiyeweza kusoma: je, tatizo liko sikioni?

Mtoto amefika darasa la tatu. Akiitwa anasikia, anacheza na wenzake, na anaweza kusimulia hadithi ndefu bila kuikosea. Lakini akipewa kitabu asome, maneno yanamkwama. Mwalimu anasema hajitahidi. Baba anashuku macho, mama anashuku masikio, na mtoto mwenyewe ameanza kuamini kwamba hana akili.

Hali hiyo inazijua familia nyingi za Afrika Mashariki, nyumbani na ughaibuni. Ndiyo pia inayowafikisha wazazi wa mataifa mbalimbali katika kitongoji cha Westmead, jirani na Parramatta, kilomita zipatazo 25 magharibi mwa kitovu cha jiji la Sydney nchini Australia.

Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Watoto ya Westmead, iliyohamishiwa hapo kutoka Camperdown mwaka 1995. Jimbo la New South Wales lilipoanzisha mpango wa kupima usikivu wa watoto wachanga wote, Desemba 2002, hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizokabidhiwa kuwachunguza zaidi watoto ambao kipimo cha kwanza kiliwatilia shaka.

Katika jiji hilohilo, Chuo Kikuu cha Macquarie na Maabara ya Taifa ya Akustika ya Australia vimetumia miaka mingi kuchunguza uhusiano kati ya sauti na maandishi: je, mtoto anayeshindwa kusoma ana kasoro katika namna ubongo wake unavyozishughulikia sauti?

Jibu linalotokana na utafiti huo, na ule wa nchi nyingine, si la ndiyo wala la hapana. Kwa baadhi ya watoto kasoro hiyo ipo. Kwa wengine haipo. Na hata inapokuwepo, kuirekebisha peke yake hakumfundishi mtoto kusoma. Mzazi asiyelijua hilo anaweza kupoteza fedha nyingi na, baya zaidi, kumpotezea mwanawe miaka ya shule isiyorudi.

Kusikia na kuchakata

Kwanza ni lazima kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa.

Jambo la kwanza ni usikivu wenyewe, yaani kama sauti inalifikia sikio la ndani na kupokelewa. Mtoto mwenye usaha au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Tatizo hilo hupimwa kwa mashine, na mara nyingi lina tiba.

La pili ni uchakataji wa sauti. Sikio ni zima, kipimo cha usikivu ni cha kawaida, lakini ubongo unapata taabu kuzipanga sauti zilizopokelewa: ipi imetangulia, ipi imefuata, ipi imetoka kwa mwalimu na ipi imetoka kwa watoto wanaopiga kelele dirishani.

La tatu ni utambuzi wa sauti za lugha. Huu ni uwezo wa kujua kwamba neno "pata" na neno "bata" hutofautiana kwa sauti moja tu ya mwanzo, au kwamba ukiiondoa sauti ya kwanza katika "kata" unabaki na "ata". Mtoto mdogo huyatumia maneno hayo bila kufikiria vipande vyake. Shule inapomwonyesha herufi ndipo anapolazimika kuvitambua, kwa maana herufi ni alama ya kipande cha sauti.

Nadharia iliyotia matumaini

Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Kimarekani Paula Tallal, akishirikiana na Malcolm Piercy, aligundua kwamba watoto wenye matatizo ya lugha walishindwa kupambanua sauti mbili fupi zilipofuatana kwa kasi, ingawa zilipotenganishwa kwa muda mrefu kidogo waliziweza. Mwaka 1980 Tallal alieleza kwamba baadhi ya watoto wenye shida ya kusoma nao walikuwa na udhaifu wa namna hiyo.

Hoja iliyofuata ilikuwa na mantiki. Tofauti kati ya sauti ya P na ya B hupita katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ubongo usioweza kuinasa tofauti hiyo hautaijenga vizuri picha ya sauti za lugha, na mtoto asiye na picha hiyo hataona kwa nini herufi hii inasimamia sauti hii. Kwa hiyo, ilidaiwa, ukiufundisha ubongo kunasa sauti za kasi, kusoma kutafuata.

Katika miaka ya 1990 hoja hiyo ilizaa programu za kompyuta zilizouzwa shuleni na majumbani katika nchi mbalimbali, ambamo mtoto husikiliza sauti zilizorefushwa na kisha kuharakishwa hatua kwa hatua. Iliyopata umaarufu zaidi ni Fast ForWord, ambayo Tallal alikuwa mmoja wa waasisi wake.

Hata hivyo, matokeo hayakulingana na ahadi. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walikusanya majaribio 6 yaliyofanywa kwa utaratibu madhubuti kuhusu programu hiyo. Hawakuona ushahidi kwamba inaboresha usomaji au lugha ya watoto kuliko mafunzo mengine, au kuliko kutofanya lolote.

Si watoto wote wenye shida moja

Mbona nadharia yenye mantiki namna hiyo ilishindwa? Sehemu ya jibu ilitolewa London mwaka 2003, pale Franck Ramus na wenzake walipowapima kwa kina wanafunzi 16 wa chuo kikuu wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na ukosefu wa akili wala wa mafunzo.

Wote 16 walikuwa na udhaifu katika kutambua na kushughulikia sauti za lugha. Lakini waliokuwa na kasoro katika kupambanua sauti kwa ujumla walikuwa 10 tu. Wanne walikuwa na kasoro ya mwendo na mizani ya mwili, na wawili ya kuona.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na disleksia huku sikio lake na uchakataji wake wa sauti vikiwa vizima kabisa. Kasoro ya sauti huandamana na shida ya kusoma kwa wengi, lakini kuandamana si kusababisha.

Sydney nayo ilikuwa imeshatoa onyo lake. Mwaka 1993 Anne Castles na Max Coltheart walichapisha utafiti wa watoto 53 wenye disleksia, uliowatenganisha kwa aina ya maneno yaliyowashinda.

Wapo walioshindwa kusoma maneno ya kubuni, ambayo hayana maana na hayawezi kukaririwa, kama vile mtu angewapa watoto wetu neno "kafumeli". Hao wana shida ya kugeuza herufi kuwa sauti. Wapo waliosoma maneno hayo ya kubuni vizuri, lakini wakashindwa na maneno ya Kiingereza yasiyofuata kanuni, kama "yacht" ambalo hutamkwa tofauti kabisa na linavyoandikwa. Hao sauti hawana shida nazo. Shida yao ni kuhifadhi sura ya neno zima kichwani. Wengi walikuwa na mchanganyiko wa yote mawili.

Kwa mtoto wa kundi la pili, kumpeleka kwenye mafunzo ya kusikiliza ni sawa na kumtibu mguu mtu anayeumwa jino.

Kwa upande mwingine, wapo watoto ambao matatizo yao yamefungamana. Mwaka 2009 Mridula Sharma wa Chuo Kikuu cha Macquarie, pamoja na Suzanne Purdy na Andrea Kelly, walieleza matokeo ya vipimo vya watoto 68 walioshukiwa kuwa na kasoro ya kuchakata sauti. Karibu nusu yao, asilimia 47, walikuwa na matatizo katika sehemu zote tatu: kuchakata sauti, lugha na kusoma. Waliokuwa na kasoro ya sauti peke yake walikuwa wachache sana. Usikivu wa makini na kumbukumbu navyo vilihusiana na matokeo ya mtoto.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya wataalamu unapoonekana. Mtoto aliyeshindwa katika kipimo cha sauti huenda kweli ana kasoro ya sauti. Huenda pia alichoka, hakuyaelewa maelekezo, au alikuwa amesahau sauti ya kwanza kabla ya kusikia ya tatu.

Kipimo kwa lugha ya nani?

Kwa familia za Kiswahili zinazoishi Australia, ugumu huo una safu nyingine.

Miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa nchini humo wamo Wakongo, Warundi na Wasudani Kusini, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi kama Kakuma nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, na Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa kambini hakupitia kipimo cha usikivu anachopata mtoto anayezaliwa Westmead. Huenda aliugua masikio mara nyingi bila kutibiwa. Huenda pia amebadilisha lugha ya darasani mara mbili au tatu kabla ya kufika Sydney.

Mtoto wa namna hiyo akishindwa kusoma Kiingereza, kuna hatari mbili zinazokabiliana. Ya kwanza ni kuambiwa kwamba ana kasoro ilhali hajapewa muda wa kujifunza lugha mpya. Ya pili ni kuambiwa kwamba ni mgeni tu, atazoea, ilhali kasoro anayo kweli, na miaka inapita bila msaada.

Vipimo vyenyewe vinaweza kuongeza utata. Sharon Cameron na Harvey Dillon wa Maabara ya Taifa ya Akustika waliunda kipimo kinachoonyesha kama mtoto anaweza kutumia upande sauti inakotoka ili kutenganisha maneno ya msemaji na kelele. Kipimo hicho kilionyesha kwamba baadhi ya watoto wenye usikivu wa kawaida hawana uwezo huo, hasa wale walioumwa masikio kwa muda mrefu utotoni. Darasani huwa ni kama watu walio sokoni wakijaribu kusikiliza simu.

Lakini kipimo hicho hutumia sentensi za Kiingereza, na mtoto anayeanza kujifunza Kiingereza anaweza kushindwa kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya ubongo. Watafiti wa maabara hiyo walilitambua tatizo, na baadaye waliunda aina nyingine inayotumia silabi zisizo na maana, ili lugha ya nyumbani isiwe kikwazo.

Mzazi anayempeleka mtoto kupimwa katika hospitali ya umma ya New South Wales anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Ni vyema aombe, kwani maswali ya mtaalamu kuhusu lini mtoto alianza kuzungumza, ameumwa masikio mara ngapi, au nani katika ukoo aliwahi kupata shida ya kusoma, mara nyingi yana uzito kama wa mashine. Disleksia hurithiwa katika baadhi ya koo, na mjomba aliyeacha shule akiitwa mvivu huenda ndiye ufunguo wa kumwelewa mpwa wake.

Lipo pia kosa ambalo hurudiwa kwa nia njema: kumshauri mzazi aache kuzungumza Kiswahili na mtoto ili Kiingereza kiingie haraka. Hakuna ushahidi kwamba lugha mbili husababisha disleksia. Kinachotokea ni kwamba mtoto ananyimwa lugha ambayo ndani yake ana msamiati mwingi zaidi, hadithi, na mazungumzo na bibi yake.

Kiswahili hufichua na hufunika

Kiswahili kina faida ambayo wazazi wengi hawaitambui. Maandishi yake yanafuata matamshi kwa ukaribu mkubwa: irabu tano, kila moja na sauti yake, na silabi zinazorudiarudia muundo uleule. Mtoto wa Kiingereza hulazimika kujua kwamba "though", "through" na "cough" huishia kwa herufi zilezile lakini hutamkwa kwa namna tatu tofauti. Mtoto wa Kiswahili hana mzigo huo.

Hata hivyo, wepesi huo unaweza kulifunika tatizo. Nchini Austria, ambako Kijerumani nacho huandikwa kwa kanuni zinazotabirika, mtafiti Heinz Wimmer alionyesha mwaka 1993 kwamba watoto wenye disleksia hawakosei sana wanaposoma. Kinachowatambulisha ni mwendo wao wa polepole. Mtoto wa Tanga au Mombasa anayesoma kila neno sawasawa, lakini kwa kujikokota silabi kwa silabi hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake, anaweza kuhesabiwa kuwa anajua kusoma. Atakapokutana na Kiingereza, ndipo anguko litakapoonekana na kulaumiwa kuwa ni la Kiingereza.

Wala Kiswahili chenyewe si chepesi kiasi tunachodhani. Mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya wanafunzi nchini Tanzania, walionyesha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye kanuni kamili si kazi ndogo. Mtoto anapaswa kuutambua mlio wa M peke yake katika "mtu", kuitofautisha "ng'ombe" na "ngoma", na kutenganisha L na R hata kama lugha ya mama yake haizitenganishi. Kosa la mwisho linaweza kuwa alama ya lugha ya kwanza tu, na mwalimu asilihesabu kuwa ugonjwa.

Nini kinachosaidia?

Utafiti uliodumu kuliko mingi katika uwanja huu ulifanywa Oxford na Lynette Bradley na Peter Bryant, na kuchapishwa mwaka 1983. Watoto waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake walipata nafuu kiasi. Waliofundishwa sauti hizohizo pamoja na herufi za plastiki za kushika mkononi ndio waliosonga mbele zaidi katika kusoma na kuandika.

Funzo la hapo halijabatilishwa: sauti na herufi zifundishwe pamoja, kwa uwazi, kwa mpangilio, na kwa marudio mengi kwa mtoto anayehitaji. New South Wales ilifuata mkondo huo ilipofanya kuwa lazima, kuanzia mwaka 2021, kwa shule za serikali kupima wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wanaweza kugeuza herufi kuwa sauti. Kipimo hicho huchukua dakika chache na kinahusisha maneno ya kubuni.

Mafunzo ya kusikiliza yana nafasi yake. Mtoto ambaye kweli hawezi kutenganisha sauti ya mwalimu na kelele anaweza kufaidika nayo, au kwa kifaa kinachopeleka sauti ya mwalimu moja kwa moja masikioni, au kwa kukalishwa mbele tu. Lakini hayo yanamsaidia kusikiliza. Kusoma bado kutahitaji mwalimu wa kusoma.

Na Afrika Mashariki?

Msomaji aliyeko Kigoma au Kwale anaweza kusema kwamba Westmead ni mbali. Kipimo cha uchakataji wa sauti si kitu kinachopatikana katika zahanati ya kijiji.

Lakini hatua ya kwanza haihitaji maabara. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa katika shule za wilaya ya Kiambu, Kenya, kwa watoto 524 wenye masikio yanayotoa usaha wa muda mrefu. Waliokaushwa masikio na kupewa dawa walipona kwa kiwango cha takriban nusu baada ya wiki 16. Waliokaushwa tu, bila dawa, hawakuwazidi wale ambao hawakutibiwa kabisa. Sikio linalotoa usaha si jambo la kawaida la utoto. Linaiba sauti katika miaka ileile ambayo mtoto anaihitaji zaidi.

Hatua ya pili ni darasa. Takwimu za Uwezo za mwaka 2012 zilionyesha kwamba watoto wawili kati ya watatu wa darasa la tatu katika Kenya, Tanzania na Uganda hawakufaulu majaribio ya kiwango cha darasa la pili. Idadi hiyo haiwezi kuelezwa kwa disleksia. Ni dalili ya mafunzo yasiyowafikia watoto. Pale wote wanaposhindwa, mwenye kasoro ya kweli hapotei tu, bali haonekani.

Ndiyo maana jaribio lililofanywa katika shule 101 za pwani ya kusini ya Kenya mwanzoni mwa muongo wa 2010 lina uzito. Walimu walipewa mafunzo ya kufundisha sauti na herufi, kisha wakaendelea kupokea ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Wanafunzi wao waliendelea vizuri zaidi katika kusoma, na walioacha shule walipungua. Tanzania nayo, kwa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa darasa la kwanza na la pili, na Kenya kwa mpango wa Tusome ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2015, zilielekea upande huo.

Mafunzo mazuri kwa wote yana faida ya ziada ambayo haisemwi mara nyingi: yanamfanya mtoto mwenye shida ya kweli aonekane. Ikiwa 40 wamefundishwa vizuri na 36 wamesoma, mwalimu anajua wanne gani wa kuwaangalia upya. Kenya ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984. Kinachohitajika ni mtoto kupelekwa mapema, na aliyempeleka kujua swali la kuuliza.

Swali lenyewe si "mtoto huyu ana nini?" kwa jumla. Ni maswali manne, kwa mpangilio: Je, anasikia? Je, amefundishwa, na kwa lugha anayoielewa? Anakwama wapi hasa: kwenye sauti, kwenye herufi, kwenye sura ya neno, au kwenye mwendo? Na kile ninachouziwa kama tiba kinagusa pale anapokwama?

Mzazi wa Westmead na mzazi wa Kwale hawana vifaa sawa. Maswali hayo manne, hata hivyo, wote wanaweza kuyauliza, na mtoto anayehukumiwa kuwa mvivu hana mwingine wa kumuulizia.